Shajara ya mradi: kupima subrutini ndani ya interpreta ya skripti, Lubumbashi

Tunapoanzia

Interpreta, yaani programu inayosoma skripti na kuiendesha, imeandikwa kwa lugha ya C. Skripti zake zinatumika kwenye madepo machache ya Kampemba na Kenya, komuni za Lubumbashi: bei ya gunia la unga lililopita mpakani Kasumbalesa, ushuru, usafiri, kubadili dola kuwa faranga. Maneno ya lugha ni ya Kiswahili: `kazi` inafungua subrutini (kipande cha programu chenye jina, kinachoitwa kikihitajika), `rudisha` inatoa jibu, `mwisho` inafunga. Skripti inageuzwa kuwa baitikodi, amri fupi za ndani, na baitikodi inaendeshwa na mashine ya steki, rundo ambalo thamani iliyowekwa mwisho inatoka kwanza. Kwenye kompyuta ya biti 64 kila thamani inachukua baiti 16. Steki inaanza na nafasi 256, yaani baiti 4,096, na ikijaa inaongezwa maradufu.

Hesabu, masharti na vitanzi vimetulia. Kasoro zilizobaki karibu zote ziko kwenye subrutini, kwa hiyo shajara hii inafuata subrutini peke yake.

Kanuni tuliyoiweka kabla ya kuandika jaribio lolote ni kwamba jibu sahihi halitoshi kuwa ushahidi. Kila jaribio linasoma vitu vinne: jibu lenyewe, kimo cha steki kabla na baada ya mwito, idadi ya miito iliyofanyika, na fremu (rekodi za miito ambayo haijarudi) zilizobaki wazi. Vihesabu vimewekwa ndani ya interpreta chini ya `#ifdef UPIMAJI`, na skripti inavisoma kwa `_kimo()`, `_miito()` na `_fremu()`. Toleo linalopelekwa kwenye depo halina hata kimoja.

Mashine za kupimia ni tatu: kompyuta ya mezani ya biti 64, laptop kuukuu ya biti 32 ya mtumba, na Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32. Kila badiliko linakompailiwa kwa kompaila mbili, gcc na clang, kwa `-O0` (bila kuboresha mwendo) na kwa `-O2` (kwa kuboresha), halafu mara moja zaidi kwa `-fsanitize=address,undefined`, inayonasa makosa ya kumbukumbu programu inapoendeshwa. Valgrind, mkaguzi mwingine wa kumbukumbu, tumeiachia usiku, maana inapunguza mwendo mara 20 au zaidi. Vifurushi vyote viko kwenye flashi moja inayozunguka. Hakuna haja ya kila mtu kununua megabaiti za kupakua clang ileile.

Vigezo vinakaa wapi

Hapa tumekaa muda mrefu, na ilistahili. Toleo la awali la kompaila liliweka vigezo vya subrutini ndani ya kitu cha subrutini chenyewe: subrutini moja, sanduku moja la vigezo. Ni njia ya kizamani na ina historia yake. Kwenye kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, iliyoanza kazi mwaka 1949, mruko wa David Wheeler uliandika amri ya kurudi ndani ya mwili wa subrutini iliyoitwa, kwa hiyo subrutini kujiita yenyewe kulifuta njia ya kurudi. Kwa mashine ile ilitosha. Kwa lugha ambayo watu wataandika subrutini zinazojiita, haitoshi.

Jambo la kutazama ni jinsi kasoro hii inavyojificha. Jaribio ambalo kila mtu huandika kwanza ni hili:

```
kazi zidisho(n)
  kama n <= 1 basi rudisha 1 mwisho
  rudisha n * zidisho(n - 1)
mwisho
hakikisha(zidisho(5) == 120)
```

Linapita. Linapita hata kwenye interpreta yenye sanduku moja la vigezo, kwa sababu `n` ya kushoto inasukumwa kwenye steki kabla ya mwito wa ndani kuanza. Thamani 5, 4, 3, 2 zinasubiri huko salama, na sanduku likiharibiwa hakuna anayelisoma tena. Sasa geuza pande:

```
  rudisha zidisho(n - 1) * n
```

Jibu linakuwa 1. Mwito wa ndani kabisa uliacha `n` ikiwa 1 ndani ya sanduku, na kila ngazi inayorudi inasoma 1 hiyohiyo: 1 × 1 × 1 × 1 × 1. Kihesabu ni sawa, steki iko pale ilipokuwa, miito ni 5 kama inavyotakiwa, lakini jibu ni la uongo. Kwa hiyo kila jaribio la subrutini inayojiita sasa linaandikwa kwa pande zote mbili, kigezo kikisomwa kabla ya mwito na kikisomwa baada ya mwito. La pili ndilo lenye meno.

Vigezo vimehamishiwa kwenye steki. Fremu moja inashika vitu vitatu: kielekezi (anwani ya kumbukumbu) cha kloja (subrutini pamoja na vigeu vya nje inavyovishika), mahali baitikodi ilipofika, na namba ya nafasi ya kwanza ya fremu kwenye steki. Hoja zinazosukumwa na mwitaji ndizo zinazogeuka kuwa vigezo vya mwitwa bila kunakiliwa. Majaribio yote mawili ya `zidisho` yanapita, na `fibo(20)` inatoa 6,765.

Kuhesabu miito

Kihesabu cha `_miito()` kilionekana kama anasa. Hakikukawia kulipa gharama yake.

Idadi ya miito ya `fibo` ya kawaida inajulikana bila kuendesha chochote: ni mara mbili ya namba ya Fibonacci inayofuata, toa moja. Kwa `fibo(20)` ni 2 × 10,946 − 1 = 21,891. `tak` na Ackermann ni subrutini maarufu za kupimia kujiita. Kwa `tak(18, 12, 6)`, ambayo jibu lake ni 7, miito ni 63,609. Kwa Ackermann ya (3, 3), jibu 61, miito ni 2,432. Tumeandika namba hizi tatu kwenye faili la majaribio kama matarajio, sambamba na majibu.

`fibo` na Ackermann zilipita mara moja. `tak` ilitoa 7 lakini miito ilizidi. Chanzo kilikuwa hatua ya kurahisisha baitikodi: mwito ulio ndani ya hoja ya mwito mwingine ulikuwa unaandikwa mara mbili pale hoja zilipokuwa tatu au zaidi, na nakala ya kwanza ilitupwa baada ya kukokotolewa. Jibu halikubadilika kwa sababu `tak` haina athari yoyote nje yake. Fikiria mwito huohuo ungekuwa `toa_stoo("unga", 1)`: magunia mawili yangetoka kwenye daftari badala ya moja, na mwenye depo angemshuku mlinzi.

Mpangilio wa hoja

Jaribio fupi: subrutini `alama(x)` inaandika `x` kwenye orodha halafu inairudisha. Tunaita `jumla(alama(1), alama(2), alama(3))` na kudai orodha iwe 1, 2, 3.

Kwa baitikodi hakuna tatizo, hoja zinasukumwa moja baada ya nyingine. Tatizo lilikuwa kwenye hatua ya kukokotoa thamani zisizobadilika, iliyoandikwa kwa C hivi: `unganisha(kokotoa(kushoto), kokotoa(kulia))`. C haisemi ni hoja ipi ikokotolewe kwanza. Clang ilianza kushoto. Gcc kwenye x86 mara nyingi huanza kulia, na ndivyo ilivyofanya. Dawa ni mistari miwili ya kawaida yenye vigeu vya muda. Hii ndiyo sababu ya kung'ang'ania kompaila mbili: ukipimia na clang peke yake, kasoro hii inafika kwa mteja.

Kimo cha steki

Sharti: baada ya kila sentensi ya ngazi ya juu, `_kimo()` irudi pale ilipokuwa. Mambo matatu yalivunja sharti hilo.

La kwanza ni la kawaida. Mwito ulioandikwa peke yake kama sentensi, `andika_bei(12)`, uliacha jibu lake kwenye steki. Mwito mmoja hauonekani. Ndani ya kitanzi cha mizunguko 100,000 ni nafasi 100,000, yaani megabaiti 1.6 zisizo na mwenyewe. Amri ya `TUPA` imeongezwa mwishoni mwa kila sentensi ya aina hiyo.

La pili ni `rudisha` iliyo ndani ya kitanzi. Kitanzi cha `kwa kila` kinaweka orodha na kihesabu chake kwenye steki. Ukirudi katikati, vitu hivyo viwili vinabaki. Sasa `RUDI` haihesabu cha kutupa: inachukua jibu, inashusha kilele hadi nafasi ya kwanza ya fremu, kisha inaweka jibu hapo. Chochote kilichoachwa katikati kinapotea chenyewe.

La tatu lilikuwa baya zaidi na lilitoka kwenye makro ya C, kifupisho kinachobadilishwa na maandishi yake kamili kabla ya kukompaili:

```
#define NI_KWELI(t) (!(NI_TUPU(t) || (NI_BUL(t) && !(t).bul)))
```

Kisha mahali fulani: `if (NI_KWELI(toa()))`. `toa()` inaondoa thamani ya juu ya steki, na kila `t` ndani ya makro ni `toa()` nyingine. Thamani moja ikitakiwa kutoka, zinaweza kutoka hadi tatu. Jaribio la sharti lilipita kwa bahati, kwa kuwa chini ya steki palikuwa na thamani zinazofanana. `_kimo()` ilishuka na kupiga kelele papo hapo. Makro zote zinazotaja hoja yake zaidi ya mara moja zimegeuzwa kuwa `static inline`.

Kloja, na jaribio la Knuth

Mwaka 1964 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alipendekeza programu fupi ya ALGOL 60 ya kutenganisha kompaila zinazoshughulikia subrutini sawasawa na zile zinazobahatisha. Kwa lugha yetu inaandikwa hivi:

```
kazi A(k, x1, x2, x3, x4, x5)
  kazi B()
    k = k - 1
    rudisha A(k, B, x1, x2, x3, x4)
  mwisho
  kama k <= 0 basi rudisha x4() + x5() mwisho
  rudisha B()
mwisho
```

Inaitwa kwa `A(10, moja, hasi, hasi, moja, sifuri)`, ambapo `moja`, `hasi` na `sifuri` ni subrutini zinazorudisha 1, −1 na 0. Jibu ni −67.

Kuendesha k = 10 peke yake na kuona −67 ni vizuri, lakini ikishindikana hujui pa kuanzia. Mfululizo mzima kuanzia k = 0 ni 1, 0, −2, 0, 1, 0, 1, −1, −10, −30, −67. Tumeuweka wote, na kuna mpaka ndani yake unaofaa kujulikana. Interpreta ambayo B inapunguza nakala ya `k` na nakala hiyo inatupwa B inapomaliza, itatoa majibu sahihi kwa k = 0, 1, 2 na 3. Kwenye ngazi hizo hakuna B inayoitwa mara ya pili. Kwenye k = 4, A ya chini kabisa inaita `x4`, ambayo ni B ya juu kabisa ikiitwa upya. Kama `k` yake imebaki 3 kutoka mwito wa kwanza, inashuka kuwa 2 na kazi inaisha. Kama imerudishwa kuwa 4, inashuka tena hadi 3 na mzunguko mzima unaanza upya bila mwisho. Kwa hiyo dalili ya kunakili `k` vibaya ni fremu kujaa kwenye k = 4. Usisubiri namba mbaya, haitakuja. Jaribio linaloishia k = 3 halijapima kitu.

Yetu ilipita hadi 10. Kisha tukawasha upimaji wa kumbukumbu na ikaanguka.

Steki inapohama

Kigeu kilichoshikwa na kloja kinabaki kwenye steki mpaka subrutini iliyokizaa irudi. Hapo ndipo kinahamishiwa kwenye eneo lake. Kabla ya hapo kloja ilikuwa inashika kielekezi cha moja kwa moja kwenye nafasi ya steki. Steki ikijaa, `realloc`, kazi ya C ya kupanua eneo la kumbukumbu, inaweza kuihamishia kwingine, na kielekezi kinabaki kikitazama kumbukumbu iliyokwisha achiliwa.

Neno "inaweza" ndilo lenye matata. Mara nyingi `realloc` inapanua palepale na kila kitu kinakwenda vizuri. Kwenye kompyuta ya mezani jaribio lilipita kila mara, wakati Raspberry Pi ilianguka. Ili kuacha kutegemea bahati, toleo la upimaji halitumii `realloc` kabisa. Linatenga eneo jipya kwa `malloc`, linanakili, linajaza eneo la zamani baiti `0xDB` kila mahali, kisha linaliachilia. Vilevile steki ya upimaji inaanza na nafasi 8 badala ya 256, ili ihame mapema na mara kwa mara. Kasoro iliyokuwa ikitokea siku ikipenda sasa inatokea kila mara, kwenye mashine zote.

Skripti inayoifukua ni fupi:

```
kazi mzazi()
  tangaza faranga = 2500
  kazi soma() rudisha faranga mwisho
  zama(500)
  faranga = faranga + 1
  rudisha soma()
mwisho
hakikisha(mzazi() == 2501)
```

`zama(n)` inajiita mara n bila kufanya chochote. Baada ya hapo `faranga` inaandikwa kwenye steki mpya, na `soma` inasoma ya zamani.

Suluhisho: maadamu kigeu kiko kwenye steki, kloja inashika namba ya nafasi, na inageuzwa kuwa kielekezi pale tu kigeu kinapohamishwa. Kila kusoma kunaongeza jumlisho moja, gharama ambayo haikuonekana kwenye vipimo vya mwendo. Njia nyingine ni kupitia vielekezi vyote vilivyo wazi na kuvirekebisha baada ya kila kuhama, kama Lua inavyofanya. Ni haraka zaidi wakati wa kusoma, lakini ukisahau kielekezi kimoja umerudi ulikoanzia.

Ugonjwa huohuo ulikuwa kwenye subrutini zilizoandikwa kwa C. Zilikuwa zinapokea `Thamani *hoja`, kielekezi ndani ya steki. Kwa `mzizi(x)` hakuna hatari. Kwa `panga(orodha, linganisha)`, ambayo inairudia skripti ili kulinganisha vitu viwili, steki inaweza kuhama katikati. Sasa zote zinapokea namba ya nafasi.

`panga` na makosa yanayoruka

Orodha ya kupimia ni komuni saba za mji: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi, Ruashi, zikiwa zimevurugwa. Kupanga kwa alfabeti, kinyume, na kwa urefu wa jina, vyote vilipita.

Kisha swali gumu: mlinganishi akitoa kosa katikati ya kupanga? `panga` ilikuwa juu ya `qsort`, kazi ya kupanga ya glibc (maktaba ya C ya Linux), na makosa yetu yanaruka kwa `longjmp`, inayorukia moja kwa moja mahali palipowekwa alama kwa `setjmp`. Orodha ya komuni saba ni baiti 112. Kwa orodha ndogo kama hiyo glibc inatumia eneo la muda kwenye steki ya C, kwa hiyo kuruka nje hakuachi uchafu. Eneo likizidi baiti 1,024 inaomba kwa `malloc`, na `longjmp` ikipita juu yake hakuna wa kuliachilia. Orodha ya vitu 100, baiti 1,600, ilivujisha kumbukumbu kila kosa lilipotokea, na AddressSanitizer ililalamika mwishoni. `panga` sasa ina upangaji wake wenyewe, na eneo lake la muda liko chini ya mzoa taka, sehemu inayoachilia kumbukumbu isiyotumika tena.

`longjmp` ina mitego mingine miwili tuliyoipima.

`rudisha` iliyo ndani ya `jaribu ... ikishindwa` iliondoka bila kufuta kituo chake cha kukamata makosa. Kosa lililofuata, popote pale, liliruka kuingia kwenye fremu ya C iliyokwisha kurudi. Kwa `-O0` lilionekana kama ujumbe wa kosa uliokosewa mstari, na kwa `-O2` programu ilikufa. Kimo cha vituo sasa kinahifadhiwa ndani ya fremu na `RUDI` inakirejesha.

Mtego wa pili: kigeu cha C cha ndani ya kazi kisicho `volatile`, kikibadilishwa kati ya `setjmp` na `longjmp`, thamani yake baada ya kuruka haijulikani. Kihesabu chetu cha fremu kilikuwa hivyo. Kwa `-O0` kiko kwenye kumbukumbu na kinasomeka vizuri. Kwa `-O2` kiko kwenye rejista na kinarudi na thamani ya zamani. Usipopima kwa `-O2`, huna habari.

Kina cha miito

Kuna vikomo viwili na havifanani. Skripti ikiita skripti, fremu zinakaa kwenye kumbukumbu ya kawaida, na kikomo ni uamuzi wetu: 10,000. Python kwa kawaida inasimama kwenye 1,000. Perl haisimami, ila inaonya ukifika 100 kama maonyo yamewashwa. Skripti ikiita C ambayo inarudi kuita skripti, steki ya C yenyewe inaliwa, na hiyo haisamehi.

Tumepima kwa kuchapisha tofauti ya anwani za kigeu kimoja kati ya ngazi mbili: `endesha` pamoja na `panga` zinakula karibu kilobaiti 1 kwa kila ngazi. Steki ya uzi mkuu (mkondo mkuu wa utekelezaji) kwenye Linux kwa kawaida ni megabaiti 8, nafasi tele. Lakini toleo dogo tunalolifunga na musl, maktaba ndogo ya C, linaendesha skripti kwenye uzi wa pembeni, na musl inaupa kilobaiti 128 tu. Kikomo cha 200, ambacho ndicho Lua inacho kwa miito ya C, kingeipasua. Tumeweka 60, na ujumbe unaosomeka: `miito ya ndani imezidi 60, mstari wa 14, kazi linganisha`.

Mwito wa mwisho, `rudisha f(x)`, unatumia tena fremu iliyopo. `ni_shufwa(1000000)` na `ni_witiri` zinaitana mara milioni na `_fremu()` haipandi zaidi ya mwanzo. Mambo mawili ya kuangalia: vigeu vilivyoshikwa na kloja vihamishwe kabla ya kufunikwa, na ndani ya `jaribu` fremu isitumiwe tena, maana kituo cha makosa bado kinaihitaji. Hasara ni kwamba ripoti ya kosa inakosa ngazi za katikati. Tumeikubali.

Laptop ya biti 32

Jaribio moja lilianguka huko peke yake, lile linalodai `sizeof(Thamani) == 16`. Kwenye x86 ya biti 32, namba ya desimali ndani ya muundo inapangwa kwa baiti 4, kwa hiyo thamani ni baiti 12. Raspberry Pi ni biti 32 pia lakini ARM inapanga kwa baiti 8, na inatoa 16. Jaribio limefutwa. Ukubwa huo haupaswi kuwa ahadi.

La kweli lilikuwa jingine. Jaribio la upande wa C liliita subrutini `sehemu(a, b)` na kulinganisha jibu na `a / b` palepale, a na b zikisomwa kutoka faili. Kwa 1 na 3 halikupita. Jibu la subrutini limeshapita kwenye kumbukumbu na kukatwa kuwa biti 64, wakati `a / b` bado iko kwenye rejista ya x87, sehemu ya zamani ya hesabu za desimali, yenye biti 80. Kwa `-msse2 -mfpmath=sse` kasoro inaondoka, na kichakataji cha laptop hiyo kina SSE2, amri mpya zaidi za hesabu hizo.

Koma na nukta

Kompyuta nyingi za hapa zimewekwa Kifaransa, na hili limetugusa moja kwa moja. `bei(2.5, 40)` ilifanya kazi kwenye terminali, lakini ndani ya programu ya dirisha ikawa `bei(2, 40)`. GTK, maktaba ya madirisha, ikiamka inaita `setlocale(LC_ALL, "")`, inayofuata lokale (mpangilio wa lugha na nchi) ya kompyuta, na kuanzia hapo `strtod`, kazi ya C ya kusoma namba, inatarajia koma: inasoma 2, inakuta nukta, inasimama. Kuchapisha nako kunatoa `2,5`, ambayo ukiirudisha kama skripti ni hoja mbili. Kwa mtu anayeuza kilo mbili na nusu, nusu imepotea kimyakimya.

Sasa tunasoma kwa `strtod_l` na lokale ya "C" iliyotengenezwa kwa `newlocale`. Jaribio linaendeshwa chini ya `fr_FR.UTF-8`, na linaanza kwa kuangalia kwamba `setlocale` haikurudisha `NULL`. Bila ukaguzi huo, mashine isiyo na lokale hiyo inabaki kwenye "C" na jaribio linapita bure. Kwenye Debian lokale inaongezwa kwa `sudo dpkg-reconfigure locales`.

Mwendeshaji wa majaribio

Ni skripti ya bash. Ilikuwa inamaliza kwa `exit $makosa`, na hali ya kumaliza ni namba ya 0 hadi 255: makosa 256 kamili yanasomeka kama 0, yaani mafanikio. Imebadilishwa kuwa `exit $(( makosa > 0 ))`. Matokeo yanaandikwa kwanza kwenye faili la muda, kisha `mv`, ili umeme ukikatika katikati faili la jana lisibaki nusu.

Hali ya sasa

Majaribio yote ya hapo juu yanapita kwenye mashine tatu, kompaila mbili. Hoja pungufu au za ziada zinatoa kosa lenye jina la subrutini na mstari. Thamani za msingi za vigezo zinakokotolewa kila mwito, tofauti na Python inayozikokotoa mara moja pale subrutini inapotangazwa.

Yaliyo wazi: kigeu cha kitanzi kinachoshikwa na kloja kiwe kipya kila mzunguko, kama Go ilivyobadilisha kwenye 1.22, kwa sasa kloja zote zinaona thamani ya mwisho. Na mzoa taka bado haujapimwa kwa kuzoa kila mara kitu kipya kinapotengwa. Bendera ya `-DZOA_KILA_MARA` ipo kwenye Makefile, lakini `unga_maneno` inaanguka nayo kabla hata ya jaribio la kwanza la subrutini, kwa sababu inatoa tungo mbili (mifululizo ya herufi) kwenye steki kabla ya kutenga ya tatu. Irekebishwe ichungulie kwanza, itenge, ndipo itoe. Baada ya hapo majaribio yote yarudiwe na bendera hiyo ikiwa imewashwa.